Msiba wa Kitabuni

Elias Shigela alikuwa mlinzi wa usiku aliyeogopa giza, na aliyemtia woga huo ni kitabu.

Kazi ya ulinzi aliipata kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, miaka ile viwanda vya namna hiyo vilipokuwa vikiota ufukweni kama uyoga. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha nyuzi tangu ujana wake, mpaka kikauzwa na watu wakapunguzwa. Wenye minofu walimpa rungu, tochi na koti refu, na kwa miezi ya mwanzo alilinda vizuri tu. Kisha siku moja akaenda soko la Mlango Mmoja, kwenye mitumba, kutafuta soksi, akarudi na kitabu.

Hata muuzaji hakuwa akikiuza. Alikuwa amekilaza kwenye pembe ya turubai la nguo ili upepo wa ziwa usilipeperushe. Kilikuwa kinene kuliko Biblia ya padri, cha Kiingereza, jalada lilishang'oka, na Shigela, aliyeishia kidato cha nne, alikifungua katikati akasoma mistari michache kwa kuibia. Soksi akazisahau. Muuzaji alipata jiwe la kuwekea turubai, na Shigela akapata kazi ya mwaka mzima.

Humo kitabuni dunia ilikuwa imekwisha. Ugonjwa umepita, wengi wamekufa, na wengi wa waliobaki wamegeuka wanyonya damu wanaotembea usiku. "Ni mumiani," Shigela alimweleza mkewe, Teodora, "ila hawana gari." Wazima wachache walikuwa wamejificha kwenye mgodi wa chumvi, kwa sababu mnyonya damu akinusa chumvi anashikwa na kichefuchefu. Teodora, anayeuza nyanya sokoni na hana muda wa kupoteza, aliuliza kama wameshatoka mgodini. Bado, akajibiwa. Wiki ikapita, akauliza tena.

"Bado," Shigela akasema. "Kuna mjadala."

"Mjadala wa nini?"

"Kama watoke."

Mwanzoni alikuwa akisomea lindoni, chini ya taa ya geti. Halafu usiku mmoja akaja korongo, mmoja wa wale wakubwa wenye upara wanaozunguka majalala ya mifupa ya samaki, akatua nyuma yake akasimama kimya kama mzee aliyevaa koti. Shigela aligeuka, akamwona, akajifungia kibandani na kupuliza filimbi mpaka msimamizi akaamka. Tangu hapo alisoma mchana tu, jua likiwa kali, juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba yake hapo Igogo, kamusi kwenye paja moja na kitabu kwenye paja la pili.

Sasa, mtu akisikia hayo anaweza kudhani Shigela ni mtu mwepesi wa moyo. Teodora angemcheka mtu huyo. Mwaka uliotangulia mama yake Teodora alifariki hospitalini Mwanza, akapelekwa kuzikwa kwao Ukerewe, na Shigela hakudondosha chozi. Alihangaika, hilo hakuna aliyelikataa: alitafuta lori, mbao, misumari, nafasi kwenye kivuko, na ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Lakini jicho lake lilikuwa kavu tangu mwanzo hadi mwisho, na mama wadogo wa Teodora waliliona. Mwanamume halii kwa sauti, sawa, lakini hata kujifuta kwa leso mara moja? "Mkwe wetu ana macho kama dagaa wa juani," mmoja wao alisema, tena si kwa kunong'ona.

Teodora aliumeza ule usemi na haukuwahi kushuka. Hakumgombeza mumewe. Alimpikia, akamfulia, akazungumza naye habari za nyanya. Ila jina la mama yake hakulitaja tena mbele yake, na Shigela, ambaye mke alikuwa rafiki yake kabla ya kuwa mkewe, aliiona nyumba imepoa na hakujua pa kuanzia.

Na ukweli ni kwamba mama mkwe huyo Shigela alikuwa hamjui sana kwa sura. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawakai jamvi moja wala hawatazamani usoni. Alimjua kwa sauti kutoka nyuma ya mlango, na kwa sahani. Kila walipokwenda Ukerewe bibi alikaanga sato, akakitenga kichwa, akakifunika, na mtoto akakipeleka barazani kwa mkwe. Kwamba Shigela anapenda kichwa, nani alimwambia bibi? Hakuna aliyejua.

Basi alasiri moja Shigela alikuwa kwenye jiwe lake na mgodini mambo yalikuwa yameharibika. Komeo la mlango wa chuma lilikuwa limevunjika kwa ndani, wanyonya damu wako karibu, na mlango ungeweza kufungwa kwa nje tu. Wanaume wakaanza mjadala, kama kawaida yao. Kulikuwa na bibi mmoja, Marta, mpishi wa mgodini, mguu mbovu na mdomo mkali, ambaye Shigela alishamzoea kama jirani. Marta aliusikiliza mjadala kidogo, akaweka mwiko chini, akatoka nje, akaufunga mlango.

Shigela aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akafungua kamusi kuona kama pengine hajaelewa vizuri. Alikuwa ameelewa.

Kwanza lilikuja chozi moja, akalifuta kwa mkono wa shati. Halafu ikaja sauti, na sauti hiyo hakuitegemea. Ilitoka chini kabisa, nzito, ikapiga kwenye mawe na kumrudia. Igogo, mwanamke akilia, majirani huuliza kwanza kuna nini. Mwanamume akilia, wanabeba sufuria.

Aliyefika wa kwanza ni Wilhelmina, Mama Queen, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hajawahi kukosa msiba na ana masufuria yake maalumu kwa kazi hiyo. Alikuwa ameshajifunga khanga ya pili kiunoni.

"Pole, Baba Mihayo. Nani?"

"Mama Marta," akasema Shigela, maana hakuwa na jibu jingine kichwani.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alitoka tu nje."

"Ghafla," akasema Mama Queen, akatikisa kichwa. Mama Marta hakumjua, lakini mfiwa hahojiwi, na ukoo wa Shigela kule Magu ni mkubwa.

Shigela alijaribu, tumtendee haki. "Mama Queen, sikiliza. Huu si msiba. Ni kitabu."

Mama Queen alimtazama kwa huruma nyingi. "Wote husema hivyo mwanzoni," akamwambia. Akakichukua kile kitabu mikononi mwake polepole, kama unavyomwondolea mfiwa kisu, akaenda nacho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mikeka ikatandikwa. Mabenchi yakaletwa kutoka kanisani. Kuni zikawashwa, maharage yakatelekwa, na balozi wa nyumba kumi, Okal, fundi seremala, akasimamia ufungaji wa turubai huku akiuliza kila mtu marehemu anazikwa wapi. Watu wakaja mmoja mmoja kumshika mfiwa mkono. Na hapa ndipo kosa la Shigela lilipo: zile pole zilimwingia. Tangu apunguzwe kule kwenye nyuzi hakuna aliyemwambia pole ya kweli, na sasa zilikuja kwa foleni. Akanyamaza, akapokea.

Teodora alirudi kutoka sokoni akaona turubai juu ya nyumba yake.

Beseni la nyanya lilianguka lenyewe. Mtoto wao Mihayo alikuwa shuleni Tabora, na njia ya kutoka pale alipo hadi chini ya turubai Teodora aliikata bila kuiona. Alimkuta mumewe kwenye benchi, mzima, macho mekundu.

"Mihayo?"

"Mihayo mzima."

"Nani basi?"

Watu wote walitega sikio, kwa sababu kila mmoja alikuwa na swali hilohilo. Shigela alitafuta njia ya kuliremba akaikosa. La kuvunda halina ubani. Akasema. Alisema ni bibi wa kitabuni, mpishi, aliyefunga mlango akiwa nje.

"Kwa hiyo," Okal akasema taratibu, "tumemfungia turubai mzungu wa kwenye karatasi."

Mama Queen alikaa chini. Kuna waliocheka, na kuna waliokuwa wakielekea kukasirika, lakini wote waliacha walipouona uso wa Teodora. Hakupaza sauti.

"Mama yangu ulimletea lori," alimwambia mumewe. "Huyu umemletea machozi."

Akageuka akaenda jikoni nyuma, akachukua mwiko kwa mwanamke aliyekuwa akisonga ugali, akaanza kuusonga yeye.

Ukimya ule ungewavunja watu pale, na huenda ungeivunja na nyumba. Aliyeuondoa ni Okal, ambaye kama mabalozi wote hapendi mkutano uishe bila yeye kuufunga. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Maharage yameiva. Turubai ndilo hilo limefungwa, na kazi zetu tumeziacha. Lakini kwenye mtaa wangu mimi, watu hawali chakula cha msiba bila wasifu wa marehemu. Baba Mihayo, simama."

Watu wakaona hilo ni jambo la haki. Shigela akasimama, mikono haina pa kukaa.

"Marehemu Marta," akaanza, "alizaliwa... kitabu hakijasema."

"Ameacha watoto?"

"Alikuwa nao wawili. Walinyonywa damu mapema, huko mwanzoni."

"Dini?" akauliza Okal, kwa mujibu wa utaratibu.

"Haikuandikwa. Ila alikuwa akisali sana na kutukana sana."

"Basi alikuwa mwenzetu," akasema Mama Queen, mwenyekiti wa jumuiya, na turubai zima likacheka. Hata Shigela alitabasamu, na kicheko kile kikamlegeza ulimi.

"Alikuwa mkali," akaendelea. "Mgodini chakula kilikuwa kidogo, viazi na chumvi yao. Lakini hakumsahau mtu. Kila mmoja alijua anachopenda. Mimi alikuwa akinitengea kichwa cha sato."

"Huko chini ya mgodi sato walimtoa wapi?" Mama Queen akauliza, na watu wakacheka tena.

Shigela hakusikia. "Alikifunika kwa sahani nyingine kisipoe. Hakunipa yeye mwenyewe, isingefaa, alimtuma mtoto. Nikawa namsikia nyuma ya mlango: 'Amekula? Amemaliza?' Mtoto ndiye aliyemjibu. Miaka yote ile mimi sikuwahi kumwambia kwamba nimemaliza, kwamba ni kitamu. Siku aliyokufa nikatafuta lori. Nikatafuta mbao na misumari. Nilijiambia, nikimaliza haya nitakaa chini nimlilie. Nilipokuja kukaa chini tulikuwa tumesharudi Mwanza, na kila mtu alikuwa amemaliza kulia. Ningeanzaje peke yangu?"

Alitazama mikono yake kama anayetafuta kitabu, akakumbuka kwamba hana.

Hakuna aliyecheka. Wengi hawakujua kilichotokea. Walijua tu kwamba bibi wa kwenye karatasi hayumo tena katika habari hii. Okal akavua kofia. Kule jikoni mwiko ulikuwa umesimama ndani ya ugali.

Teodora alitoka, akapita katikati ya wanaume, akaenda kwenye mkeka wa wanawake akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akamlilia mama yake. Alimwita kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Ukerewe, na Shigela akaketi kwenye benchi akalia naye. Mama Queen, ambaye kazi hii anaijua, akawapokea wote wawili bila kuuliza swali. Msiba ukawa msiba.

Ulipotulia, Teodora alijifuta uso kwa pindo la khanga.

"Chakula kitapoa," akasema. "Mpeni mfiwa kwanza."

Wakala, wakamaliza, maana kufa kufaana. Turubai lilifunguliwa kabla jua halijazama kwa sababu Shigela alikuwa zamu. Akavaa koti lake, akachukua rungu na tochi. Teodora alikuwa mlangoni ameshika kile kitabu, alichokitoa ndani ya pipa la unga la Mama Queen, akikipukuta unga.

"Zimebaki kurasa nyingi?" akauliza.

"Nyingi."

"Na wengine watakufa?"

Shigela alifikiri. "Nadhani watakufa."

Teodora alikipangusa kitabu mara ya mwisho, akakiweka juu ya kabati mahali ambapo yeye tu ndiye anajua kukifikia bila kuangusha vikombe.

"Basi usisome nikiwa sokoni," akasema.