Hewa ya Uani Kwetu

Juzi, gereji pale Bweri, nilinusa mkanda wa injini ukiungua, nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili.

Nilikuwa msichana mdogo siku baba alipofunga supachaja ya skrepa kwenye pikapu yake, akitumia mkanda chakavu wa mashine ya kusaga.

“Hii inanyonyaga hewa yote, injini ipate nguvu,” alijisifu, akawasha gari boneti ikiwa wazi.

Supachaja ikapiga mluzi mkali. Nilidhani itamaliza hewa yote ya uani; sikujua kwamba hewa haiishi hivyo. Nikabana pumzi, nikamnyakua mdogo wangu aliyekuwa anaoga kwenye beseni mbele ya gari, nikakimbia naye hadi barabarani.

Nyuma yetu mkanda ulikatika, ukaruka, ukapasua beseni katikati.

Baba alizima gari, akakaa chini. “Nani amekwambia umtoe?”

Bado nilikuwa nimebana pumzi.