Beringi Iliyooshwa

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Lupembe, msimu ule wa baridi ambao Landrova kuukuu ya baba ilianza kulia. Kila alipokanyaga klachi, kitu kilipiga kelele chini ya miguu yetu kama mbuzi aliyejinasa kwenye kamba. Lori la kiwanda cha chai lilikuwa halitabiriki, kwa hiyo majirani walimkabidhi baba viroba vyao vya majani ya chai. Majani yakichelewa hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Klachi ingekufa njiani, jasho la kijiji kizima lingeoza.

Tukaenda Makambako kutafuta beringi ya klachi. Muuza vipuri aliweka mbili mezani: moja mpya, nyingine ya mtumba, iliyotoka kwenye giaboksi kama yetu. Baba alisimamisha ile yetu iliyochakaa katikati yake, akalinganisha vimo, akazizungusha sikioni, akazirudisha, akazichukua tena. Nilichoka kwa niaba yake.

“Mzee, mchagua jembe si mkulima,” muuzaji akamtania. “Chukua mpya, bado inanukia boksi.”

“Sikuja kunusa,” baba akajibu. Ile mpya ilikuwa fupi kidogo. Akachukua ya mtumba, na alichagua sawasawa.

Lakini kwetu kitu cha mtumba hakitumiki kabla hakijafuliwa, kiwe koti, shuka au kiatu. Mama, kwa upendo wake wote, aliiloweka beringi kwenye bakuli la mafuta ya taa, akaisugua mpaka ikang'aa. Baba akaifunga bila kujua. Haikumaliza wiki. Tulikwama kilimani, gari limejaa. Nilitia mkono kwenye kiroba kimoja. Kilikuwa na joto kama uji. Mama alipoeleza alichofanya, baba hakugomba.

“Mama Neema,” alisema polepole, “uchafu ule ndio uliokuwa grisi yake.”

Majirani walirudi kusubiri lori. Landrova ikasukumwa nyuma ya nyumba, na mpaka leo kuku hutagia kwenye kiti cha dereva.

Sasa napanga chumba Mjimwema, mimi na shahada yangu. Nimeitwa kufundisha Manda, kule ziwani, na wanangoja jibu. Kila asubuhi nalitoa wazo la kwenda na kulisugua: umbali, malaria, upweke, mama atabaki na nani sasa baba hayupo. Mwanzoni lilikuwa na furaha ndani yake. Siku hizi limekauka, nami nimechoka kabla ya safari.

Jana mama alipiga simu. “Umeamua?”

“Wazo hilo bado nalifikiria, mama.”

“Neema mwanangu, usilioshe sana.”