Kutua Bila Kishindo

Kila nikipita penye nyumba inayojengwa, nikamkuta fundi anamwagia maji sakafu mpya ya saruji chini ya jua kali, harufu ile ikinipanda puani visigino huanza kuniwasha. Msinicheke. Wengine harufu hiyo huwakumbusha viwanja na ramani. Mimi hunirudisha Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, nimesimama juu ya ukuta wa pagale la jirani, nyumba iliyoachwa bila paa, roho juu, suruali ya michezo imechanika gotini.

Yote aliyaleta binamu yangu Elia, aliyekuwa anasoma chuo kule Chimwaga na kila Jumamosi alikuja kwetu kufuata ugali. Siku moja alinionyesha kwenye simu yake vijana wanaokimbia na kuruka kuta, wanavuka mapengo, wanatua na kuendelea na safari yao kama vile hakuna kilichotokea. Mchezo wenyewe, akasema, unaitwa parkour. Nilimwomba arudie mara tatu. Mara ya nne akasema chaji inaisha. Hiyo ndiyo shule yote niliyoipata. Nilipomwambia kwamba hata mimi nitaruka kutoka ukuta mmoja wa pagale hadi wa pili, alicheka mpaka akapaliwa na mlenda.

"Wewe Nyemo? Utavunjika hiyo shingo!"

Jamani, mimi ukinicheka umeniharibu. Niliapa palepale kwamba kabla shule hazijafunguliwa nitakuwa nimeruka.

Shida ilikuwa baba. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la nafaka. Alirudi asubuhi macho mekundu, akanywa uji, akalala hadi saa kumi jioni, na dirisha la chumba chake lilitazamana na lile pagale. Mwaka ule alikuwa ameshakutwa amesinzia lindoni mara moja, na bosi wake akamwambia siku akikutwa tena asihangaike kurudi. Kwa hiyo mama, kabla hajabeba beseni lake la mboga kwenda sokoni, aliniachia agizo moja tu: baba yako asiamshwe. Nilielewa vizuri. Kishindo changu kimoja kingeweza kutulaza njaa.

Nikahamia korongoni. Kiangazi korongo letu halina hata tone la maji, ni mchanga mtupu, laini. Wiki nzima nilijirusha kutoka ukingoni, mchanga ukinipokea, nikajiona bingwa. Sikujua kwamba unanidanganya. Nilikuwa natua kwa visigino, miguu imenyooka kama mitwangio, na mchanga unanisamehe kila kosa.

Saruji haikunisamehe. Siku ya kwanza niliporuka kutoka juu ya ukuta hadi sakafuni, pu! Niliona nyota mchana kweupe, maumivu yakapanda toka kisiginoni mpaka kwenye meno. Ndani, baba akakohoa. Nikalala chali nikiuma shati langu, nikaomba Mungu kikohozi kikome. Kikakoma.

Jioni mama aliniona nachechemea. Nikasema nimechomwa na mwiba. Basi akanikalisha kwenye kigoda, akachukua pini, akaanza kuchokonoa kisigino kilekile kilichovimba, akitafuta mwiba ambao haukuwepo. Nilijikaza kisabuni. Na mnajua nini? Akaupata! Mtoto wa Dodoma hakosi mwiba mguuni. "Huu hapa!" akasema kwa ushindi, akauweka kiganjani mwangu kabisa.

Wiki mbili za kuchechemea zilinipa nafasi ya kufikiri. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika: umetua kwa visigino, magoti hukukunja. Kisha nikaanza upya, chini kabisa, aibu tupu, naruka kutoka juu ya tofali moja. Nilijiwekea sheria kwamba siongezi tofali la pili mpaka nitue bila sauti. Wasimamizi wangu wa mtihani walikuwa kuku wa jirani, waliokuwa wakidonoa mlemle kwenye pagale. Wakishtuka, nimefeli, narudia. Wasipoinua vichwa, naongeza tofali. Nilirudia mpaka nyayo zikawaka moto, matofali mawili, matatu, matano, mpaka nikafika urefu wa ukuta na kuku hawana habari na mimi.

Hata hivyo siku ya kuvuka pengo lenyewe nilikosea tena. Nikiwa hewani nilitazama chini. Kifua kikagonga ukuta wa pili, nikaning'inia kwa viwiko, ngozi ikabaki kwenye tofali. Nililia, sisemi uongo, lakini nililia bila sauti. Jioni nikaandika: umetazama pengo, tazama unapokwenda.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa nilikimbia, nikaruka, nikatazama ninapokwenda. Vidole vya miguu vikagusa ukuta wa pili, magoti yakakunjika yenyewe. Kimya. Hakuna kuku aliyeinua kichwa. Nilitamani kupiga vigelegele mtaa mzima usikie, badala yake nikaziba mdomo kwa mikono miwili nikacheka mpaka machozi.

Kwa miaka mingi nilijivunia mambo mawili: kwamba nilijifunza peke yangu, na kwamba sikumwamsha baba hata mara moja. Mwaka jana, tukimenya karanga barazani, baba akiwa ameshaacha kazi, nikaona nimsimulie.

"Kuniamsha?" akasema. "Kwani nilikuwa nalala?"

Nikabaki na karanga mkononi.

"Mwanzoni ulikuwa unatua kwa kishindo. Nasikia pu, halafu nasikia nyayo zinatembea, najua mtoto mzima, nageuka nalala. Ulipojifunza kutua kimya ndipo uliponimaliza, mama. Nitajuaje kama umetua au umevunjika? Ikabidi nikae kitandani nachungulia dirishani mpaka uondoke."

"Sasa mbona hukunikataza?"

"Ningekukataza ungerudi korongoni, nisikokuona."

"Na lindoni je? Si ungesinzia?"

"Nilisimama," akasema, akiendelea kumenya. "Ukikaa ndiyo unasinzia. Nilisimama lindo zima, kila usiku, mpaka mlipofungua shule."

Nikakumbuka asubuhi za likizo ile, baba akiloweka miguu kwenye beseni la maji moto yenye chumvi. Maji yale niliyachemsha mimi, kila siku, na sikumuuliza hata mara moja anaumwa nini. Nilikuwa na haraka alale, nikaruke.