Wiki Mbili za Arvo Niska

Arvo Niska alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na kama wengi wa kazi hiyo, alijua kila kitu isipokuwa kuacha. Aliishi Hancock, kule kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake mchimba shaba. Ajira aliiacha mwenyewe, mwaka ule mkewe Eila alipopatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu. Maradhi yalianza vidoleni, yakapanda mikononi, yakamalizia ulimi. Eila, ambaye kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu, akabakiwa na macho tu.

Mashine za kumsemea mgonjwa zilikuwapo, kwa bei ya gari, na watu wa bima wakasema asubiri. Arvo hakusubiri. Alikaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta kuukuu iliyong'oka kitufe kimoja, akaunda yake, huku akimlisha mkewe kwa mrija na kumgeuza ubavu, na theluji ikikata umeme kila ilipojisikia. Miezi mitano, peke yake. Mwishowe akafunga kitandani kwa Eila kioo cha kompyuta chenye kufuata macho: akiitazama herufi, inaandikwa, akitazama kona, mashine inasema.

Programu yenyewe ilikuwa mbovu, tusidanganyane. Sentensi moja dakika tatu, tena kwa sauti ya kiume, kama mtangazaji mwenye mafua. Sentensi ya kwanza ya Eila ilikuwa hii:

"Kahawa yako, mzee, ni maji ya kuoshea sufuria."

"Miaka thelathini unainywa!"

Wakangoja dakika tatu nyingine.

"Nilikuwa na adabu."

Arvo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu, akalala. Lakini Arvo kila akiifungua programu ile ndani alijiona kama mtu aliyetoka na shati lenye viraka. Mwezi wa Januari akaamua kuivunja na kuiandika upya, safi, yenye kubashiri neno hata kabla mtu hajaliandika. Ili aiandike ipya na kuijaribu, ilibidi kwanza mtambo wote wa kioo kile ubadilishwe, na ukishabadilishwa ile ya zamani haifunguki tena.

"Acha," Eila alimwambia. "Hii inatosha."

"Wiki mbili tu, bibie."

Mafundi hawa wakisema wiki mbili, washike mkono uwaulize za mwaka gani. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jumamosi moja alisimama kando ya kitanda na waya mkononi, mwenye furaha kama mtu anayeficha zawadi. Eila alikuwa katikati ya kuandika. Kwenye kioo palisomeka: "Arvo, nilitaka".

"Utamalizia kwenye mpya. Itakuwa haraka, utaona."

Macho ya Eila hayakubanduka kwenye herufi. Arvo aliyaona. Akazima.

Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa saba. Taimi, dada yake Eila, alikuja kila Jumamosi kuwasha sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, na kumwogesha mdogo wake.

"Shemeji, mrudishie ile mbovu."

"Haifunguki tena."

"Basi umemkata ulimi mara ya pili."

Ilikuwa kweli, na Arvo alijua. Taimi akaandika herufi kwenye kipande cha boksi, akawa anazigusa moja moja, Eila apepese jicho kwenye aitakayo. Lakini kope nazo zilishaanza kuchoka. Alifika herufi ya pili, akasinzia. Zikabaki ndiyo na hapana: kupepesa mara moja, kupepesa mara mbili.

"Ulitaka maji siku ile?" Arvo aliuliza. Mara mbili. "Ulikuwa na maumivu? Ulinikasirikia?" Mara mbili, mara mbili. Aliuliza kila alichoweza kukiwaza mwanadamu, siku baada ya siku, na kila mara ilikuwa hapana.

Eila alifariki mwezi wa Machi. Programu ilikamilika siku tisa baada ya mazishi, na ilikuwa safi kweli. Arvo akawaachia watu bure. Barua zikaja kutoka miji asiyoijua, wake na waume wakimshukuru, na hakujibu hata moja.

Majira ya joto Taimi alikuja na mikate ya nyama, akamkuta amekaa tu.

"Hebu ifungue niione, hiyo iliyotugharimu."

Arvo aliiwasha. Akaandika maneno mawili, kwa mkono wake: Arvo, nilitaka. Papo hapo chini yake yakajipanga matatu, yamebashiriwa vizuri, bila kosa. Taimi akayasoma kwa sauti.

"Kulala. Kukuambia. Kwenda." Akamtazama. "Lipi ndilo lake?"

"Sijui, shemeji," alisema Arvo, akaanza kulia. "Sitajua."

Mashine ikaendelea kungoja mtu achague.