Bastola ndefu, bastola fupi, na Bi Salma

Leo mie, mwalimu wa shabaha, nimeitwa kuchagua bastola, nikakuta shauri la ndoa.

Jirani yangu wa Temeke, Seif, alivunjiwa mlango na wezi. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amempa kibali cha bastola moja, naye ameletewa dukani mbili zilizotumika, achague.

Nikamweleza taratibu: yenye mtutu mrefu hulenga shabaha vizuri, lakini kifyatulio chake kigumu; cha fupi ni laini, yafaa nyumbani.

Seif akachukua ndefu.

Mkewe, Bi Salma, akaijaribu ikiwa tupu. Akavuta kifyatulio kwa vidole viwili. Wapi.

"Mwizi atanisubiri, Mwalimu?"

"Mie nitakuwapo," akasema Seif.

"Walipovunja mlango ulikuwapo? Ulikuwa Boko na wenzio, mnalenga chupa kwa bunduki zao."

Seif akaiweka ndefu chini, akachukua fupi.

Bi Salma akavuta kiti. "Haya Mwalimu, eleza upya, na mie nisikie."

Nyie walimu wenzangu, mngeanzia wapi?