Kimya cha Darasa la Tatu

Mwalimu Alistidia Mutembei amefundisha Darasa la Tatu kwa miaka thelathini na mmoja, katika shule ya msingi iliyozungukwa na vibanja vya migomba, huku Maruku. Alizaliwa Kamachumu, Muleba, akaolewa huku, akamzika mumewe huku, na kibanja alichoachiwa anakilima kwa mikono yake mpaka leo. Alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Sasa mimi nafundisha Darasa la Tano, chumba kinachofuata, na ukuta baina yetu ni mwembamba. Ninachosikia kutoka upande wake, siku nyingi, ni kimya.

Kimya cha woga nakijua. Kina kukohoa ndani yake, na madawati hulia. Kimya cha Mwalimu Alistidia ni cha watoto sitini na mmoja wanaofuata mkono mmoja unaochora ubaoni. Anaingia, wanasimama, wanamwamkia. Anawatazama wote mpaka wa mwisho nyuma, kisha anasema, "Kaeni." Mtoto akipeleka daftari mezani, wa kike hukunja goti kidogo, wa kiume huinamisha kichwa, kama wanavyofanya kwao. Hakuna anayeuliza kitu. Mkubwa akisema, mdogo anasikiliza. Mkubwa akitaka ujue zaidi, atasema zaidi. Ndivyo tulivyolelewa. Na waliopita mikononi mwake wanajua kusoma. Ukienda Bakoba au Buhembe utawakuta, fundi cherehani, muuguzi, karani wa chama cha kahawa, na wote wana mwandiko mmoja, herufi zimesimama wima kama migomba iliyoegemezwa nguzo. Mimi pia ninao.

Mwaka jana tuliletewa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Rwekaza, kijana wa miaka thelathini na minne, mchapakazi, asiye na ubaya na mtu. Alikuwa ametoka kwenye semina ya mbinu shirikishi. Siku moja ofisini wakati wa chai alivuta kiti karibu na Mwalimu Alistidia.

"Mama, nakuheshimu sana."

"Ukianza hivyo, baba, maliza tu."

"Darasa lako liko kimya mno. Siku hizi mtoto ndiye anayetakiwa kuzungumza, mwalimu anamwongoza. Mthibiti ubora wa shule anakuja mwisho wa Mei. Akikuta watoto hawaulizi chochote, mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie wanasikiliza."

Mwalimu Kahangwa wa Darasa la Saba akacheka ndani ya kikombe chake. Rwekaza hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeumia kusema, kwamba ukaguzi ukienda vibaya, kuanzia Julai Darasa la Tatu litachukuliwa na mwalimu kijana, na Mama atapumzishwa kwenye stoo ya vitabu mpaka astaafu. Ilikuwa imebaki miaka miwili.

Mwalimu Alistidia aliweka kikombe chini polepole. "Stoo haina madirisha," alisema.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amefika mgeni, Kirsten, mwalimu wa Denmaki, kwa urafiki wa sharika za Kilutheri za huku na kwao. Alikuwa na miaka hamsini hivi na Kiswahili cha kwenda polepole lakini kisichoanguka. Mwalimu Alistidia ni Mkatoliki, ila nyumba yake ndiyo yenye chumba cha wageni kisichovuja, kwa hiyo Kirsten alilala kwake. Rwekaza akaona nafuu imeletwa mlangoni: mgeni alisaidie Darasa la Tatu lijifunze kuuliza.

Somo la kwanza nililiona mwenyewe dirishani. Kirsten aliwapanga watoto kwenye mkeka wakae duara, naye akaketi chini pamoja nao. Watoto wakashtuka. Mtu mzima yuko chini, wao wakae sawa naye? Wakapiga magoti. Kirsten akadhani ndio utaratibu, naye akapiga magoti. Watoto wakainama mpaka vipaji vya nyuso vikakaribia mkeka. Walipoona hakuna tena pa kushukia, wa pembeni walianza kurudi nyuma taratibu, wakatokea mlangoni, na robo ya darasa ikaishia uwanjani.

Somo la pili aliwaonyesha mdudu ndani ya chupa. "Mimi sijui anakula nini," akasema, akitabasamu. "Nani atanisaidia?"

Kwao, alinieleza baadaye, mwalimu akisema hivyo watoto hurukia swali kama mpira. Hapa watoto walitazamana kwa huruma. Kesho yake bibi mmoja wa jirani alimtuma mjukuu wake shuleni na mkungu wa ndizi kichwani. "Bibi amesema ni za yule mwalimu mgeni," mtoto akamwambia Rwekaza. "Amesema, waitu, jamani, aliyetoka mbali hivyo na bado hajui, asilale njaa."

Kirsten alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu Alistidia hakucheka, kwa sababu Mei ilikuwa inakwenda. Ndipo alipofanya kosa ambalo, nadhani, mwalimu wa huku tu ndiye angelifanya, na alilifanya kwa uaminifu wote. Mgeni alitaka maswali. Basi mgeni apewe maswali. Aliandika maswali ishirini mazuri juu ya maji, akayakata vipande, akagawa kwa watoto ishirini wayakariri nyumbani.

Siku ya pili Kirsten alipouliza, "Kuna swali?" mikono ishirini ikapaa. Uso wake ukang'aa. Wa kwanza akasimama, akauliza mvua inatoka wapi. Kirsten akaanza kujibu, akaeleza mvuke, akaeleza mawingu yanavyojengeka. Hakuna aliyesikiliza. Midomo kumi na tisa ilikuwa inacheza bila sauti, kila mtoto akishikilia swali lake lisimponyoke. Alipomaliza, akasimama Annastella, msichana mdogo mwenye sauti kubwa, akauliza kwa ufasaha mkubwa, "Je, mawingu yanajengekaje?"

"Nimeeleza sasa hivi," Kirsten akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," Annastella akajibu. "Je, mawingu yanajengekaje?"

Kirsten akageuka akamtazama Mwalimu Alistidia aliyesimama nyuma. Hakumlaumu. Pengine ingekuwa rahisi zaidi kama angemlaumu. Mwalimu Alistidia alitoka nje, akasimama upande wa tangi la maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akifuta uso kwa pembe ya kanga yake katika saa za kazi. Nikamletea kiti.

"Kiache," akasema. "Nimewafundisha watoto kusema uongo, tena mbele ya mgeni."

Jumamosi ile nilikwenda kwake kabla ya saa sita mchana. Niliwakuta jikoni, yeye, mjukuu wake Hellen wa miaka minane, na Kirsten, wakimenya ndizi. Mama Alistidia yuko katikati, Kirsten kulia, mtoto kushoto, wote wanatazama beseni. Kirsten alikuwa anakata ganda pamoja na nusu ya ndizi. Mama hakumwambia kitu. Niliona tu mikono yake ikipunguza mwendo, kisu kikiingia juu ya ganda, kikisimama kidogo, kikishuka.

"Mbona huniambii nikikosea?" Kirsten akauliza.

"Nimekuambia mara tatu."

Kirsten akaitazama ile mikono. Ndizi iliyofuata ilitoka afadhali.

"Kwetu," akasema baada ya muda, "watoto wanauliza kabla sijamaliza sentensi. Ni vizuri, nawapenda hivyo. Lakini kuna siku natamani nusu saa tu ya kimya chako. Hawajui kutazama kitu mpaka mwisho."

"Wangu wanajua," Mama akasema. "Sasa ndio wanaambiwa ni ugonjwa."

Hellen alikuwa hanyamazi hata kidogo. Bibi, kwa nini utomvu unanata? Bibi, kwa nini mikono yako haigeuki myeusi na yangu inageuka? Bibi, huyu kwao wanakula nini kama hawana ebitoke, ndizi kama hizi? Bibi yake alijibu baadhi, mengine akayaacha yapite, kisu hakikusimama. Ghafla kikasimama.

"Hellen, umeniuliza maswali mangapi tangu tukae?"

Mtoto akaogopa. "Samahani, bibi."

"Hapana, mama. Endelea." Akanigeukia. "Umeona? Yuko darasani kwangu huyu. Darasani hajawahi kunifungulia mdomo."

"Darasani anakutazama usoni," nikasema, bila kufikiri sana.

Aliliangalia beseni, akamwangalia mtoto ubavuni kwake. Kumkabili mkubwa uso kwa uso na kumhoji ni ujeuri. Kila mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Lakini aliye kando ya mkubwa, macho kwenye kazi moja, huyo anaruhusiwa kuropoka siku nzima. Tulikulia humo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipeleka shuleni. Chuoni kwetu tulifundishwa mwalimu asimame mbele, aliko ubao.

Mthibiti ubora alikuja Jumatano ya mwisho wa Mei, Mama Agnetha Mushumbusi kutoka mjini, mwenye daftari la jalada gumu na viatu visivyopenda matope. Hakukuta watoto darasani. Mwalimu Alistidia alikuwa amewapeleka kwenye kibanja cha shule, ambako migomba mitatu ilikuwa imeshikwa na mnyauko, majani yamelegea kama mwavuli uliovunjika. Amevaa buti, amejifunga kanga kiunoni, panga mkononi. Darasa langu lilikuwa michezoni, nikaenda kumsaidia kuwaswaga wadogo.

"Leo kuna kazi," aliwaambia. "Sogeeni karibu."

Kisha akawageuzia mgongo, akachuchumaa kwenye shina, akaanza kukata.

Watoto walisubiri. Hakusema kitu. Kwa kuwa hawakuona vizuri, wakamzunguka, wengine ubavuni, wengine wakiinama juu ya bega lake. Panga likaingia. Likaingia tena. Rwekaza alitazama saa, akanikaribia.

"Mwambie aseme neno."

"Mwambie wewe, Mwalimu Mkuu."

Hakwenda. Mama Agnetha aliandika kitu, akapiga mstari chini yake. Kirsten alikuwa amefumbata mikono kama mtu aliye kwenye sala. Shina likafunguka, na pale kwenye jeraha matone ya manjano yakaanza kutoka, mazito, polepole.

"Mwalimu," sauti kubwa ya Annastella ikasema, "huu usaha unatoka wapi?"

Hakugeuka. "Wewe unauona unatoka wapi?"

"Ndani. Kwenye vile vitundu."

"Unanuka," akasema mwingine.

"Kwetu tata alikata mgomba mgonjwa," Mutalemwa akadakia kuhusu baba yake, "halafu akaenda kupunguza majani ya mzima kwa panga lile lile."

"Ikawaje?" Mama Alistidia akauliza, bado anakata.

"Nao ukanyauka."

"Kwa hiyo panga ndilo linalopeleka ugonjwa?"

"Si panga, ni nyuki! Wanatua kwenye ua, wanahamia jingine."

"Wewe umeshaona nyuki ana panga?" Mutalemwa akauliza.

Wakacheka, wakasukumana, wakaanza kubishana wakielekeza vidole kwenye shina. Panga likichomwa moto je? Na ua tukilivunja kwa kijiti cha panda badala ya kulikata? Mama alijibu kwa maneno mawili matatu, mara nyingi kwa kufanya. Kalamu ya Mama Agnetha ilikuwa haisimami.

Ndipo Ildefons, mtoto wa dawati la mwisho, ambaye sauti yake hata mimi sikuwa naijua, akasema, "Mwalimu, mbona ndizi za mgomba mgonjwa zinaiva upesi kabla hazijakomaa? Mgonjwa si angechelewa?"

Panga lilisimama. Mwalimu Alistidia aliinuka, magoti yakalia, akageuka akawatazama. Watoto wakanyamaza mara moja. Nilijua analitafuta jibu, na nilijua halipo. Nilikaa mbele yake mwaka mzima nikiwa mtoto, na nimefanya kazi jirani yake miaka kumi na minane, sijawahi kumsikia akilitamka lile neno mbele ya mwanafunzi. Mbele yake alisimama mtu wa daftari la jalada gumu.

"Sijui," akasema.

Alilisema wima, kama alivyosimama.

"Sijui, Ildefons. Nimelima migomba tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na sijawahi kujiuliza hilo. Kituo cha utafiti wa kilimo kiko hapo juu. Tutawaandikia barua, na kalamu utaishika wewe."

"Sawa, Mwalimu," Ildefons akasema. Hakuna aliyemhurumia mwalimu. Walisogea wakampa nafasi Ildefons, na yeye akanyoosha mabega kama aliyekabidhiwa ng'ombe.

Ofisini, Mama Agnetha alivua viatu akavigonga matope mlangoni. "Nimehesabu maswali kumi na saba ambayo hayakuandikwa popote," akasema. "Mwalimu, umeyapata semina ipi haya?"

"Jikoni."

"Mwalimu Mkuu, kuna jambo uliniandikia kuhusu darasa hili. La kuanzia Julai."

Rwekaza alinyanyuka kabla ya kujibu, jambo ambalo hakuwa na haja nalo. "Nililiandika kwa haraka, Mama. Naomba nilifute. Darasa libaki na mwenyewe."

Kesho yake nilisikia tena kimya upande wa pili wa ukuta, kisha watoto wakikariri saba mara tisa. Nikachungulia. Kirsten alikuwa kwenye dawati la nyuma, magoti yamegonga ubao wa dawati, anafuata chaki kwa macho.

Julai ratiba ya muhula ilibandikwa. Mwalimu Alistidia alivaa miwani, akalisoma jina lake kwenye mstari wa Darasa la Tatu, akashuka na kidole mpaka chini.

"Mwalimu Mkuu, sayansi umeniwekea saa nane mchana."

"Ndiyo, Mama."

"Saa nane jua ni kali, watoto wanasinzia. Kibanjani tunaingia asubuhi. Iwe kipindi cha kwanza, siku zote tatu."

Rwekaza alibandua karatasi, akaketi, akachukua rula, akaanza kuchora ratiba upya.