Shamba Nililotaka Salma Akose

Nakumbuka siku moja kule kwetu Kinole, milimani Uluguru, mwanangu, na mpaka leo naona haya kuisimulia. Lakini umeniuliza ubaguzi wa rangi maana yake nini, na umedhani ni mambo ya Wazungu wa mbali tu. La. Hata mimi bibi yako nimeufanya.

Mjomba alituita sisi mabinti tulioolewa karibuni, atugawie mashamba. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na ardhi iko mkononi mwa mjomba. Miongoni mwetu alikuwamo Salma, mtoto wa mama yangu mdogo. Baba yake alikuwa Mhindi mwenye duka mjini, naye Salma alimfuata rangi na nywele. Tulikua pamoja, tukala sahani moja. Lakini alipopewa kipande kilichopakana na changu, chenye rutuba kuliko changu, tamaa ikanipanda. Ulimi hauna mfupa. Nikasema mbele ya watu kwamba Mhindi hana shamba mlimani, arudi dukani kwa baba yake.

 Salma alijifunga khanga vizuri, akainuka aondoke.

Mjomba, aliyekuwa akichambua machungwa ya sokoni, akamwambia akae. Kisha akanigeukia mimi.

“Mimi nabagua machungwa yaliyooza, yasiharibu mengine. Wewe umembagua ndugu yako. Ameoza nini? Tumbo lililomzaa mama yake ndilo lililomzaa mama yako. Ukimtoa yeye, toka na wewe.”

Neno lenyewe limetoka huko, mwanangu. Kubagua ni kutenga hiki na kile, na kwenye machungwa halina ubaya. Ubaguzi wa rangi ni kumtenga mtu kwa ngozi ambayo hakujichagulia. Na mara nyingi, chunguza, nyuma ya ubaguzi huo kuna kitu cha mtu huyo unachokitamani.

Salma akapata shamba lake. Wakati wa palizi uchungu wa kuzaa ulinishika nikiwa peke yangu kondeni. Mume wangu alikuwa Ngerengere kibaruani, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyenisikia ni jirani yangu, Salma. Alikuja mbio, akatandika khanga yake chini ya migomba ili ampokee mtoto. Nilipoanza kumwomba radhi alinicheka, akasema nisukume kwanza, radhi tutaongea baadaye. Mtoto huyo ndiye mama yako.

Namshukuru Mungu kwa mjomba aliyenikatalia. Angenisikiliza, shamba lile lingekuwa langu, na siku ile pasingekuwa na mtu.

Basi, mwanangu, ulimi ukikuwasha kusema fulani si mwenzetu, uzuie, kisha jiulize unataka nini chake. Anayekukaripia mapema mshukuru, hata kama umeaibika. Na uliyemkosea, mwombe radhi asubuhi, usingoje akuokoe kwanza kama mimi.

Mungu akukuze, akupe majirani wa kila rangi, na siku utakayolia asikosekane wa kukusikia.